Mkalimani wa Jumapili Saa Kumi

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi nyote mliowahi kukalia makochi ya watu kabla wenyewe hawajayakalia: mimi ni shemeji wa marehemu, mdogo wa mkewe, kinyozi wa pale kona. Kazi ya kusoma wasifu huu ilikuwa ya binti yake mkubwa. Jana jioni alijaribu kuusoma kwa sauti, akafika aya ya pili, akanikabidhi karatasi. Nimekubali kwa sababu marehemu na mimi tulikuwa watani, na mtani hakimbii msiba.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, safu ya nyuma, chumba kilichopakana na tangi la maji. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa mpiga bendera wa stesheni, na mama yake alishona mashuka ya mabehewa ya kulala. Kwa mama alijifunza kushika sindano, na kwa baba alijifunza kusimama kwa subira akitazama kitu kinachokuja kutoka mbali. Marehemu alichelewa kusema. Mama yake alisimulia kwamba majirani walianza kumhurumia yule mtoto, na kwamba siku alipoanza kusema, wakaanza kujihurumia wenyewe.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959, ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1966. Mwaka uliofuata alijiunga na sekondari ya kutwa, akasoma miaka miwili. Alipenda sayansi kuliko masomo yote, ingawa shule nzima ilikuwa na hadubini moja tu, nayo ilikuwa imefungiwa ndani ya kabati la vioo, na mwalimu mwenye ufunguo alikuwa amehamishwa. Wanafunzi waliitazama kupitia kioo. Marehemu alikuwa akisema kwamba ile ndiyo ilikuwa televisheni yake ya kwanza. Kiingereza, kwa upande wake, hakikumpenda hata kidogo. Alama alizopata sitazitaja hapa, maana marehemu hasemwi vibaya. Mwishoni mwa mwaka 1968 baba yake aliumia mguu kazini, ikabidi marehemu aache shule asaidie nyumbani. Hakulalamika. Lakini hata uzeeni, kila alipopita mbele ya ile shule alipunguza mwendo, na sisi tuliokuwa naye tulijifunza kupunguza.

Januari 1969 aliingia kama mwanagenzi kwa fundi makochi mmoja mkali sana, mtu aliyekuwa akiongea akiwa na misumari midogo mdomoni. Hapo alijifunza kufunga springi, kukata sponji, kuvuta kitambaa mpaka kisiwe na kunyanzi. Mwaka 1976 alifungua karakana yake mwenyewe katika chumba cha mbele cha nyumba ile ile tulimotoka leo asubuhi. Makochi yake mnayajua. Wengi wenu mnayo nyumbani, na baadhi yenu mlizaliwa na kulelewa juu yake.

Kuhusu ndoa. Mwaka 1978 dada yangu alikwenda karakana na shangazi yetu kuchukua kiti. Aliambiwa aketi asubiri. Akaketi kwenye kochi ambalo halijamalizwa, springi ikafyatuka, ikamchana gauni. Alirudi mara ya kwanza kudai gauni, akarudi mara ya pili kudai lile gauni, mara ya tatu akapewa, na mara ya nne akarudi ilhali hana tena la kudai. Nyumbani tulijua basi, yamekwisha. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 21 Aprili 1979, wakajaliwa binti mmoja na wavulana wawili. Dada yangu alikuwa mpiga pasi wa nguo za watu, na kwa kuwa nyumba ilikuwa ndogo, meza yake ya pasi iliwekwa pembeni mle mle karakana, uso wake ukiwa ukutani, kwenye kabati la vitambaa. Ndoa yao ilidumu hivyo kwa miaka arobaini na minne, yeye na pasi yake, mumewe na nyundo yake, kila mmoja akimwambia mwenzake apunguze kelele.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo limewaleta wengi wenu hapa.

Mwaka 1987 mteja mmoja aliyekuwa akihama mji alimwachia marehemu televisheni isiyo na rangi. Marehemu aliiweka juu ya gunia la vipande vya sponji. Jumapili moja, saa kumi jioni, stesheni ya taifa ikaanza kuonyesha mfululizo wa vipindi vya sayansi: nyota, bahari, wadudu, volkano. Pale karakana alikuwapo jirani yetu dereva wa lori na mkewe, na wengine watano sita, wote wamekaa kwenye seti ya makochi ya mtu. Mtangazaji alikuwa akizungumza Kiingereza cha puani. Dereva akauliza, "Fundi, wewe ulifika sekondari. Anasemaje huyo?"

Marehemu hakuwa akijua anasemaje. Hilo alinikiri mwenyewe. Lakini watu saba walikuwa wamemgeukia, na kwenye kioo palikuwa na sayari kubwa yenye mistari. "Anasema," alianza marehemu, "ile ni gesi tupu. Huwezi kusimama wala kuketi. Fundi makochi akienda kule atakufa njaa." Watu wakacheka, wakasogea karibu. Tangu siku hiyo mtaa mzima ulimwita Mkalimani.

Ikawa desturi. Kila Jumapili saa kumi mlango ulifunguliwa, na makochi yaliyokuwa yakisubiri wenyewe yakakaliwa. Marehemu aliweka sheria kwamba kochi halitoki karakana kabla ya kukaliwa na kipindi kizima, kwa hoja kwamba springi ni lazima zijaribiwe na watu wanaosisimka. Mteja mmoja alikuja kuchukua kochi lake akakuta watu wanane wamelikalia na papa yuko katikati ya mawindo. Alipofungua mdomo kulalamika aliambiwa "shh!" na watu asiowajua. Alisimama hadi mwisho, na Jumapili iliyofuata akaja mapema ili apate nafasi kwenye kochi la mwingine.

Mimi nilikuwa upande wa mpira. Saa kumi Jumapili ni saa ya mpira, na televisheni ilikuwa moja. Nilimwambia, "Shemeji, watu wazima mnakaa kutazama mchwa?" Akanijibu, "Keti dakika tano tu. Mchwa wakikuchosha, nakugeuzia antena mwenyewe." Niliketi. Nilikuja kutafuta mpira nikanogewa na mchwa, na timu yangu ilifungwa siku ile bila mimi kujua.

Lazima niseme ukweli, maana hata yeye hakuuficha: marehemu alipiga chuku. Kiingereza cha miaka miwili kina mwisho wake, na pale kilipoishia yeye hakuishia. Siku moja kilionyeshwa kipindi cha pweza. Marehemu alitwambia kwamba pweza ana mioyo mitatu: wa kwanza wa kupendea, wa pili wa kukasirikia, na wa tatu wa akiba, maana akiba haiozi. Tuliondoka tukilitafakari jambo hilo. Miaka michache baadaye binti yake aliulizwa darasani kuhusu pweza, akasimama, akajibu kwa kujiamini, mioyo yote mitatu na kazi zake. Mwalimu wa baiolojia alicheka hadi akaketi. "Mitatu ni kweli," alisema. "Hayo mengine kamwulize aliyekufundisha."

Binti alirudi nyumbani amefura. "Baba, umeniaibisha!"

"Mitatu nilimsikia akisema kwa masikio yangu," marehemu alijitetea. "Kazi zake ndizo sikuzishika. Sasa nikasema, watu wameacha shughuli zao wamekuja, niwaache hivi hivi na mioyo mitatu isiyo na kazi?"

"Na mimi sina muda na madude yenu," alisema dada yangu kutoka kwenye pasi, mgongo wake ukiwa kwetu kama kawaida.

Jumapili nyingine umeme ulikatika mtoto wa tembo akiwa amepotezana na mama yake kwenye vumbi. Giza likaingia kwenye kioo, watu wakaguna. Marehemu hakunyamaza. Aliendelea kusimulia mbele ya televisheni iliyozimika: mtoto akaita, mama akasimama, akageuka, akanyoosha mkonga. Hakuna aliyenyanyuka. Mke wa dereva alifuta machozi kwa pindo la kanga. Kipindi kile kilirudiwa miezi kadhaa baadaye, umeme ukiwapo, na kumbe mtoto yule hakumpata mama yake. Chumba kizima kilimgeukia marehemu. Alikohoa kidogo, akasema, "Hao ni wa kule. Wa kwetu alimpata."

Basi ikaja Jumapili tarehe 11 Julai 2004. Stesheni ilitangaza kwamba kuanzia siku hiyo vipindi vya sayansi vitasomwa kwa Kiswahili. Mtaa ulifurahi, hata mimi nilifurahi. Marehemu alipanga makochi kama kawaida, lakini yeye mwenyewe akaenda kuketi nyuma, kwenye kigoda, akajifanya anachagua misumari. Msomaji alikuwa mtu wa sauti nzuri na Kiswahili safi. Kipindi kilihusu ndege wanaosafiri kutoka upande mmoja wa dunia hadi mwingine. Tulisikiliza kwa adabu. Tuliambiwa umbali, tukaambiwa uzito wa manyoya. Nilitupa jicho nyuma nikamwona shemeji yangu amekishika kisumari kimoja, hakitii kwenye kopo wala hakirudishi rundoni, na midomo yake inacheza bila sauti. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Sijawahi kumwona mtu mzima akionekana ameachwa na basi akiwa nyumbani kwake.

Ndipo dada yangu alipoisimamisha pasi mezani. Alivuka chumba, akapita mbele ya miguu ya watu wote, akazungusha kitufe cha sauti mpaka sauti ikaisha, akarudi kwenye meza yake. Msomaji akabaki kimya, ndege wakaendelea kuruka.

"Haya," alisema dada yangu, akiutazama ukuta. "Hao ndege wanakwenda wapi?"

Kisumari kikasikika kikianguka koponi. Kisha nyuma yetu ile sauti ikasema, "Wanalifuata jua. Kwao limewaishia."

Tangu siku ile sauti ya televisheni haikupandishwa tena Jumapili saa kumi katika nyumba ile. Zilikuja televisheni za rangi, zikaja bapa, zikaja stesheni nyingi kuliko watazamaji, na watoto wakaja na simu zenye majibu ya kila kitu. Bado mlango ulifunguliwa, na bado watu walikuja. Nimejiuliza mara nyingi tulikuwa tunafuata nini mle. Nadhani tulitaka kuambiwa habari za dunia na mtu anayetujua kwa majina. Hilo nalitamani hata sasa ninaposoma, na ninajua silipati tena.

Mwishoni mwa mwaka 2020 sauti ya marehemu ilianza kukwaruza. Alilaumu vumbi la sponji, akanywa maji ya moto, akasema itapita. Haikupita. Februari mwaka uliofuata madaktari waligundua saratani ya koo. Alipewa mionzi, akapata nafuu, ugonjwa ukarudi, na ikaamuliwa afanyiwe upasuaji wa kuondoa kisanduku cha sauti. Jumapili tarehe 6 Machi 2022, siku mbili kabla ya upasuaji, daktari alikuwa amemwambia apumzishe koo. Hakumsikiliza. Alitusimulia volkano tangu mwanzo hadi mwisho, na matangazo ya sabuni akayatafsiri pia. Kipindi kilipokwisha hakuna aliyeinuka. Dereva wa lori, ambaye kwa miaka yote ile aliuliza swali moja tu, siku ile aliuliza kama mchwa hulala. Mwingine akauliza kwa nini bahari ina chumvi. Mimi nikauliza kitu cha kijinga kuhusu mwezi, ili tu asinyamaze. Alitujibu wote, kwa sauti iliyokuwa imebaki kama karatasi ya msasa, mpaka dada yangu akasema, "Inatosha, mwacheni baba wa watu."

Alirudi nyumbani, na Jumapili tarehe 3 Aprili watu wakaja. Walikuja kumjulia hali, si kutazama chochote, lakini saa kumi ilikuta televisheni imewaka na sauti imezimwa kama ilivyozoeleka. Marehemu alikuwa kwenye kochi, kitambaa cheupe shingoni. Kipindi kilikuwa cha marudio. Ndege wakatokea, wale wale. Hakuna aliyethubutu kupandisha sauti, na hakuna aliyethubutu kusema. Ndege waliruka juu ya bahari, na sisi tulikitazama kioo kwa aibu, kila mtu akiomba umeme ukatike.

"Wanalifuata jua," alisema dada yangu, huku pasi ikienda. "Kwao limewaishia."

Aliendelea. Ndege walipotua alisema wametua, kifaranga alipoanguka alisema ameanguka, na maneno yalikuwa ya mumewe, neno kwa neno, pamoja na chuku zake zote. Mgongo wake ulikuwa bado kwetu. Ndipo nikatazama alikokuwa akitazama yeye. Kabati la vitambaa lina milango ya kioo, na ndani ya kile kioo televisheni ilionekana nzima, na kochi lilionekana, na mumewe juu yake. Miaka yote ile ya kutokuwa na muda na madude yetu, dada yangu hakukosa kipindi hata kimoja. Marehemu alikuwa akicheka bila sauti, mabega yakitikisika, machozi yakimshuka hadi kwenye kile kitambaa.

Kwa mwaka mmoja na miezi mitano dada yangu ndiye aliyekuwa mkalimani. Alipokosea, marehemu aligonga mbao ya kochi kwa kifundo cha kidole. Mimi niliona anagonga kupita haki, hasa pale alipotaka tu dada ageuke amtazame. Naye aligeuka kila mara. "Nini tena?" aliuliza, na marehemu akaonyesha kwa mkono kwamba si neno, endelea.

Mei mwaka huu ugonjwa ulirudi kwa mara ya mwisho. Agosti stesheni ilianza mfululizo mpya kuhusu bahari, na marehemu akaupania kwelikweli. Alibebwa na wanawe kutoka kitandani hadi kochini kila Jumapili. Jumapili iliyopita, tarehe 10, baada ya kipindi, walionyesha kwa ufupi sehemu ya mwisho itakayofuata. Alikuwa pweza. Marehemu aligonga mbao. Dada yangu akageuka. Marehemu akanyoosha vidole vitatu.

"Najua," dada yangu alimwambia. "Na wa akiba. Jumapili nitasema yote, hata kazi zake. Wewe ngoja tu."

Alijitahidi kungoja. Aliaga dunia Alhamisi tarehe 14 Septemba 2023, asubuhi, nyumbani, mkewe akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Zilikuwa zimebaki siku tatu. Hilo ndilo linaloniuma mimi kuliko mengine, na sitajifanya haliniumi.

Marehemu ameacha mjane, dada yangu, mpiga pasi. Ameacha binti mmoja, ambaye leo ni mwalimu wa baiolojia, na ambaye hufundisha pweza kwa mioyo yote mitatu, kwanza ya kitabu halafu ya baba yake. Ameacha wavulana wawili, mmoja fundi umeme na mwingine ndiye aliyerithi nyundo na karakana. Ameacha wajukuu saba, dada mmoja, mimi shemeji yake, na mtaa mzima. Ameacha pia seti moja ya makochi ya kijani iliyokamilika Jumatano. Mwenye makochi hayo alikuja juzi kutoa pole, na alipoulizwa ataichukua lini akasema haijakaliwa.

Kesho ni Jumapili. Saa kumi jioni mlango utakuwa wazi na sauti itakuwa imezimwa. Mje.

Jana nilimwuliza dada yangu kama kuna neno angependa nimalizie nalo. Alikuwa anaipiga pasi suti ambayo marehemu ameivaa leo, uso wake ukiwa kwenye kabati, na ndani ya kile kioo kochi lilikuwa tupu. Hakuinua macho.

"Mwambie nimebaki na ule wa akiba," alisema. Akaikunjua mikono ya koti, akainyoosha. "Mwambie haujaoza."

Mungu ampokee Mkalimani wetu, ampe mahali pema pa kukaa.